Mama Mkwe wa Nyuma ya Pazia

Nimeishi nyumba moja na mama mkwe wangu kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwahi kumwona akitafuna. Nilijua sauti yake, kikohozi chake, mwendo wa kandambili zake na namna alivyofunika sufuria akiwa amekasirika. Lakini kama ungeniuliza anatafuna upande gani wa mdomo, nisingekuwa na jibu, na mimi ndiye mtu ninayelipwa kuchora watu wakila.

Kazi yangu ni katuni. Kila Jumamosi gazeti moja la Dar es Salaam huchapisha visanduku vyangu vinne, na ndani yake kuna familia imekaa kwenye mkeka inakula: baba, mama na watoto. Hakuna kingine kinachotokea. Hawaendi popote, hawafukuzani na majambazi. Wanakula, wanabishana, chakula kinaisha. Nikiwaeleza majirani hapa Kizwite, Sumbawanga, kwamba hiyo ndiyo kazi, huniuliza kwa huruma ninafanya nini siku zilizobaki.

Sasa kwa watu wa mke wangu, Wafipa wa kijiji cha Msanzi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawali pamoja. Hawapeani mikono, hawaitani majina, na hawatazamani usoni zaidi ya inavyolazimu. Si ugomvi, ni heshima. Ipo siku ambapo heshima hiyo hulegezwa: ndugu wa mama mkwe wanakuja, kuku anachinjwa, mkwe na mama mkwe wananawishana mikono na kula sinia moja, na tangu hapo wanaweza kukaa pamoja kama watu wengine. Kabla ya siku hiyo, kila mtu na upande wake. Mama mkwe alipohamia kwetu baada ya kufiwa na mume wake, siku hiyo ilikuwa bado haijafanyika, na upande wake ukawa jikoni. Kati ya jiko na sebule hatuna mlango. Tuna pazia la kitenge.

Usimwonee huruma. Anayeijua Sumbawanga mwezi wa Juni, upepo unapoingia hadi ndani ya soksi, ataelewa nani alipata hasara. Yeye alikaa kwenye kigoda chake kando ya jiko la mkaa, miguu imenyooshwa kwenye joto, sufuria ya maharage karibu na mkono. Sisi tulikaa sebuleni na makoti, tukipuliza vidole. Mara nyingine nilimwambia mke wangu kwamba heshima hii ilitungwa na mama wakwe wenyewe, kipindi cha baridi. Mke wangu akanionya niseme polepole, maana pazia si ukuta.

Kweli pazia halikuwa ukuta. Mama alisikia kila kitu, na kila alichosikia alikijibu, ila hakunijibu mimi. Alimjibu binti yetu Anjela, ambaye alikula nusu sebuleni na nusu jikoni, akawa ndiye njia ya mazungumzo kati yetu. Nikisema mvua mwaka huu imechelewa, sauti ilitoka: "Anjela, mwambie baba yako haijachelewa. Ni yeye ndiye hajaanza kulima." Anjela alinigeukia na kurudia neno kwa neno, kwa uso wa mtu mzima, ingawa mimi nilikuwa nimesikia, mke wangu alikuwa amesikia, na jirani wa nyumba ya pili labda naye alikuwa amesikia. Nami nilijibu kwa njia hiyohiyo. Tuliwahi kubishana hivyo kuhusu bei ya mbolea mpaka ugali ukapoa, mimi na yeye tukiwa hatua chache tu, na mtoto katikati akigeuza shingo.

Katuni yangu ya mwanzo, kusema kweli, ilikuwa baridi. Mhariri alinipigia simu kutoka Dar akasema kwa adabu kwamba familia yangu inakula vizuri sana lakini wasomaji hawashibi. Wiki hiyohiyo, siku moja jioni, nililalamika kwamba tunakula maharage tena. Halafu sauti ikaja taratibu: "Anjela, muulize baba yako maharage yamemkosea nini. Akituambia, tutayaita tuyasuluhishe." Mke wangu alipaliwa kwa kicheko, ikabidi apigwe mgongoni. Nikachora hivyohivyo: familia kwenye mkeka, pazia nyuma yao, na duara la maneno lenye mkia unaoishia kwenye kitambaa. Mtu haonekani. Mhariri alipiga simu tena. "Huyo wa nyuma ya pazia ni nani?" akauliza. Nikamwambia ni mama mkwe. "Usimtoe," akasema. "Hata wakikuomba, usimtoe."

Tangu hapo nilikuwa kama mkulima aliyeangukiwa na shamba lenye rutuba bila jasho. Nilikula na penseli pembeni. Nusu ya kile watu walichosema ni kipaji changu kilikuwa kimepikwa na kuongelewa jikoni kwangu.

Yeye mwenyewe alikuwa na maoni makali kuhusu kazi hii. Kwanza, haikuwa kazi. Kazi ni kulima, na kufundisha inakaribia. Kuchora ni kitu mtu anafanya akiumwa mguu. Lakini mtu yuleyule alizilinda penseli zangu kama vyombo vya altare. Mtoto akigusa karatasi yangu, sauti ilikuja kabla mkono haujafika: "Weka hapo. Hiyo ndiyo inayotununulia mafuta." Na gazeti lilipofika, Anjela alimsomea bibi yake nyuma ya pazia huku sisi tukinyamaza sebuleni, tukisubiri. Kama ilikuwa imempendeza, tulisikia kicheko kimoja kifupi cha puani. Kicheko kile kilikuwa na thamani kwangu kuliko malipo ya mhariri, nami sioni aibu kuliandika hilo.

Kama haikumpendeza, alituma marekebisho. Sufuria niliyochora ni ndogo, watu wataona tunakula kidogo. Mama wa kwenye katuni kakaa vibaya, aongezewe kitenge. Ugali ule hautoi mvuke, kwa nini hautoi mvuke, ni wa jana? Nilikuwa nikichora mvuke mpaka kwenye chai. Wasomaji wa mikoa ya joto huenda wakashangaa nyumba ile inawaka moto, lakini nilikuwa nikimchorea mtu mmoja kwanza.

Mara moja tu niliharibu kabisa. Baba wa kwenye katuni alikuwa hana jina, mhariri akasema apewe, nikampa. Kwa uzembe nikaiweka sauti ya pazia imwite kwa jina hilo. Mtu wa Pwani angepita bila kuona kitu. Jumapili mama alirudi kutoka kanisani amebana midomo. Wanawake wa jumuiya yake walikuwa wamemuuliza, mmoja baada ya mwingine, tangu lini anamwita mkwe wake kwa jina, tena gazetini, mbele ya nchi nzima. Jioni hiyo pazia lilikuwa kimya. Kesho yake pia. Siku ya tatu Anjela alitumwa na ujumbe: bibi anasema kiongozi akiandikwa vibaya, gazeti linaomba radhi. Yeye je?

Nikampigia mhariri. Alicheka mpaka nikadhani simu imeharibika, lakini akakubali. Jumamosi iliyofuata, kabla ya visanduku vinne, yaliandikwa masahihisho kwamba sauti ya nyuma ya pazia haikumwita mkwe wake kwa jina, na haiwezi, na mchoraji ndiye mkosaji. Mama alimfanya Anjela amsomee mara kadhaa. Kisha akakikata kipande hicho, akaenda nacho kwenye jumuiya.

Nje ya nyumba alikuwa mkali zaidi. Tukikutana barabarani nilisema shikamoo nikitazama viatu vyangu, naye aliitika "marahaba, baba" akitazama mawingu. Siku moja mvua ilitukuta mtaa wa Majengo, kila mmoja na safari yake, tukajikuta tumekimbilia kibaraza kimoja cha duka. Mimi nikageukia barabara, yeye akageukia ukuta. Katikati yetu alikuwa amesimama mama wa Kisukuma anayetuletea maziwa, mtu wa kucheka, ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe wao. Mama akamwambia, "Mwambie huyo baba chumvi nimeshanunua, asinunue tena."

"Si amesikia?" mama wa maziwa akauliza. "Yuko hapa."

"Wewe mwambie."

Akanigeukia. "Baba, chumvi imenunuliwa."

"Mwambie mama nashukuru," nikasema. "Na muulize kama viazi amechukua."

"Mama, anashukuru. Anauliza viazi."

"Mwambie viazi achukue yeye. Lakini asichague vikubwa, huwa vina moyo mweusi."

Hivyo tulipanga manunuzi ya wiki nzima, na mvua haikuwa na haraka. Ilipokatika, mama wa maziwa alijifuta machozi kwa khanga akasema, "Nyie Wafipa, ndoa zenu zinataka mkalimani." Mama mkwe aliondoka bila kugeuka nyuma, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Kuhusu chakula alikuwa na dini yake. Ugali ni wa ulezi. Ugali wa sembe nyeupe aliuita karatasi. Wali alikubali kuupika wageni wakija, akisema ni chakula cha watu wanaoondoka. Migebuka ya kukaanga, samaki wa Ziwa Tanganyika, aliiheshimu kiasi kwamba siku tunayokula migebuka hakusema neno, na mimi nilikosa katuni. Alilaani biskuti, akasema zinaozesha meno na tabia, na Anjela alijua kwamba kwenye pindo la kitenge chake, lililofungwa fundo, kulikuwa na biskuti. Alikataza kuongea mdomo ukiwa umejaa, lakini mimi niliyemsikiliza kila siku najua kwamba sauti yake haikuwa tupu hata mara moja.

Swali lililobaki ni lile la siku ya kunawishana mikono. Nililiuliza mapema. Nilimtuma mke wangu. Mama akasema ngoja tuvune. Tukavuna, akasema ngoja Pasaka. Pasaka ikapita, kaka yake wa Msanzi, ambaye ndiye wa kuongoza shughuli, alikuwa anajenga. Alipomaliza kujenga, kuku walikuwa na ugonjwa. Mwaka ukafuata mwaka. Nilidhani ni haya tu, au labda bado sijamridhisha. Nikaacha kuuliza. Ukimpenda mtu, na mimi nilimpenda, hutaki kumlazimisha akae nawe.

Kisha masikio yake yakaanza kuchoka.

Hatukugundua mara moja. Majibu yalianza kuchelewa, kisha kupungua. Nilitupa maneno ya uchokozi kuelekea pazia, kwamba nataka kuhamia Mbeya, kwamba ulezi ni chakula cha ndege, na hayakurudi. Mke wangu alimpeleka hospitali. Daktari alisema ni umri, na kwamba kuna vifaa vidogo vya kuweka sikioni ambavyo tungeweza kuviulizia Mbeya. Mama alikataa papo hapo. Alisema hawezi kutembea na redio ndani ya kichwa. Ukisogea karibu na sikio lake na kuongea polepole alikusikia vizuri. Kutoka sebuleni, kupitia kitambaa, hakusikia kitu.

Basi tukaanza kula kimya. Sisi huku, yeye kule, na kijiko chake kikigonga sufuria. Mara nyingine alianza kusema jambo, akakatisha, kwa sababu hakujua kama tunaongea au tumenyamaza, na hakutaka kuingilia. Yeye ambaye maisha yake yote kwetu alikuwa ameingilia. Siku moja nilimkuta mke wangu ameshika pazia kwa mkono mmoja, anamtazama mama yake, analia bila sauti. Iliniuma kuliko ninavyoweza kuchora.

Katuni nayo ilidhoofika. Nilijaribu kumtungia maneno. Anjela aliyasoma sikioni mwake, na jibu likarudi: "Bibi anasema hilo hakusema." Wiki iliyofuata: "Bibi anasema hata hilo." Mhariri aliniuliza kama mama anaumwa. Nikamwambia haumwi, ila sauti zetu hazimfikii.

Jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Kama anataka kuwa ndani ya mazungumzo tena, ni lazima atoke jikoni akae kwenye mkeka, karibu na midomo yetu. Na hawezi kutoka mpaka tunawishane. Nikaenda Msanzi mwenyewe, nikamsalimia kaka yake, nikamweleza. Mzee alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Mimi niko tayari tangu zamani. Kuku ninao. Ni dada yangu ananiambia kila mwaka nisije."

Nilirudi nimekasirika kidogo, na nimeumia zaidi. Nikamwita Anjela, nikamwambia amuulize bibi yake, sikioni, taratibu, kwa nini hataki kula na mimi. Mtoto akaingia. Nilisikia mnong'ono mrefu. Kisha nikasikia mama akijibu kwa sauti ya juu, kama wasemavyo watu wasiosikia vizuri, kwa hiyo Anjela hakuhitaji kunirudia.

"Mwambie baba yako mimi si mjinga. Tangu siku ile ya maharage naona kinachotokea. Anachora pazia, gazeti linanunua. Mimi nikitoka nikakaa mkekani, pazia litakuwa na nini? Nani atasoma? Nimekaa huku niwalinde. Sasa hata maneno sina, lakini pazia bado lipo. Aendelee kulichora."

Miaka yote ile nilikuwa nikijisifu kwamba nimempata mtu wa kuchora bila yeye kujua sana. Kumbe yeye alikuwa kazini. Alikuwa ameziahirisha Pasaka na mavuno na kuku kwa ajili ya visanduku vinne ambavyo alisema si kazi.

Nikamwambia Anjela: "Mwambie bibi gazeti lilale njaa. Tutalima. Mimi nataka kula na mama."

Mtoto akanong'ona. Halafu mama akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kama ni hivyo aitwe kaka yake, lakini aje na jogoo, si tetea, maana matetea wa Msanzi yeye anawajua jinsi walivyo.

Nilimpigia mhariri nikamwambia katuni huenda imefika mwisho. Akasema nichore siku mama anapotoka. Nikamwambia sitaahidi. Siku hiyo nilitaka mikono yote miwili iwe na kazi nyingine.

Kaka yake alikuja Jumamosi na jogoo. Mke wangu alisonga ugali wa ulezi. Pazia lilifungwa pembeni kwa kamba, na mama akatoka amevaa kitenge chake cha Krismasi, anatembea kama mtu anayepanda altareni kusoma somo, akakaa kwenye mkeka mbele yangu. Kaka yake alisema maneno machache kwa Kifipa. Kisha akampa mama birika. Mama akainama akanimiminia maji mikononi, nami nikachukua birika nikammiminia yeye. Vidole vyake vilikuwa vifupi, na vya moto kutokana na jiko. Nilikuwa sijawahi kuvigusa.

Tukaanza kula. Wote tulikuwa tunatazama sinia kwa adabu nyingi. Mimi, kwa woga, nilikata tonge, nikachovya, nikameza, nikakata lingine. Ndipo nikahisi natazamwa. Nikainua macho. Mama mkwe wangu alikuwa ananitazama usoni, wazi kabisa, jinsi ambavyo mimi huwatazama watu kabla ya kuwachora. Alikuwa anatafuna upande wa kushoto.

"Nilijua," akasema. Hakumwambia Anjela. Aliniambia mimi. "Masikio yangu yakiwa mazima nilikuwa nakusikiliza ukila. Wote niliwajua. Huyu mke wako anatafuna na kuongea. Mtoto anacheza na chakula. Wewe unameza bila kutafuna, unamaliza wa kwanza, kila siku. Nikawa nasema, huyu mtoto wa watu alikulia wapi, walikuwa wangapi kwenye sahani?"

Nikasogea karibu na sikio lake. Nikamwambia tulikuwa tisa, na aliyechelewa alilala njaa.

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba alikuwa ameshakata shauri zamani na sasa amepata shahidi. Akachukua paja la kuku, akaliweka upande wangu wa sinia, akauacha mkono wake hapo kwa muda kama mtu anayezuia upepo.

"Hapa hakuna wa kukunyang'anya," akasema. "Tafuna."

Nikatafuna. Wengine walinawa, wakaondoka kwenye mkeka mmoja mmoja, kaka yake akatoka nje kuota jua. Siku hiyo tulimaliza wa mwisho, yeye kwa sababu ya meno, na mimi kwa sababu yake.